Haskell, Elixir au ubaki na PHP yako? Uzi wa fanksheni kwa wadau wa Nyanda za Juu Kusini

MzaniWaKyela

Heshima kwenu wakuu.

Kuna mfumo wa mapokezi ya kakao nimekabidhiwa niuangalie huku Kyela, ni wa chama kimoja cha msingi. Umeandikwa kwa JavaScript na aliyeuandika hapatikani tena. Ugonjwa wake ulikuwa huu: karani akibonyeza "panga kwa kilo" ili aone nani kaleta mzigo mkubwa, faili la malipo linalotoka baadaye linapeleka pesa ya mkulima mmoja kwenye namba ya simu ya mwingine. Asipobonyeza, mambo shwari. Katibu alishtuka mapema, pesa zikawa hazijatoka.

Nimefukua, chanzo ni kitu kimoja: sort(). Kwenye JavaScript sort() haikutengenezei orodha nyingine, inaivuruga hiyohiyo uliyoishika. Skrini na faili la malipo vilikuwa vinatazama orodha moja, na namba za simu zimekaa kwenye orodha ya pembeni zikifuata nafasi, wa kwanza kwa wa kwanza, wa pili kwa wa pili. Moja ikapangwa upya, ya pili ikabaki ilivyo. Dawa ni toSorted(), iliyoingia kwenye toleo la 2023 la lugha, yenyewe inarudisha orodha mpya na ya zamani haiigusi. Vivinjari vya simu kuukuu havina hiyo, kwa hiyo unanakili kwanza ndipo unapanga: [...orodha].sort(). Na usisahau kuipa kanuni ya kulinganisha, maana ukiiacha hivihivi inapanga namba kama maneno, 10 inakaa kabla ya 9. Lugha ina vituko hii.

Sasa mada yenyewe. Kila nikiingia kwenye makundi ya madevelopa nakuta ubishi wa Haskell na Elixir na Clojure, lugha za mtindo wa fanksheni, yaani programu iliyojengwa kwa vipande vya hesabu vinavyopokea kitu na kurudisha jibu, utadhani Simba na Yanga. Mimi msimamo wangu ni kwamba kwa kazi za kwetu huku, AMCOS (vyama vya ushirika wa mazao), SACCOS (vya kuweka na kukopa), maghala, vituo vya maziwa, kitu cha kuchukua kwenye mtindo wa fanksheni ni mazoea mawili. La kwanza, data ikishaandikwa haiguswi. Ukitaka nyingine unaandika nyingine. La pili, hesabu ikae peke yake, mbali na kinachogusa dunia: hifadhidata, SMS, printa. Lugha ni swali la baadaye.

Hata karani wa daftari analijua la kwanza. Akikosea kilo hafuti kwa raba. Anapiga mstari mmoja, anaandika sahihi pembeni, anaweka saini. Mkaguzi akija anaona yote mawili. Halafu sisi tunakuja na kompyuta tunaandika UPDATE, amri ya kubadilisha kilichomo kwenye hifadhidata, juu ya kilo za jana, ushahidi unapotea, na tunaita hiyo maendeleo.

Karibuni. Mnatumia zana gani, na kwa nini?

Mwanjelwa2

Naweka kambi hapa. Mabishano yakianza mniamshe.

MtuWaKihesa

Kamwene wakuu, nawasalimu kutoka Iringa.

Mleta mada umeanza vizuri ila umeikwepa Haskell kijanja. Hayo mazoea mawili unayoyasema, kwenye JavaScript unayashika kwa kujikumbusha. Siku umechoka, umeme umekatika mara tatu, unasahau. Haskell haikupi nafasi ya kusahau. Fanksheni inayogusa hifadhidata imeandikwa IO (inagusa dunia) kwenye aina yake, yaani maelezo ya inachopokea na inachorudisha, na isiyo na IO haiwezi kutuma SMS hata ukiibembeleza. Kompaila, zana inayogeuza msimbo uwe programu inayokimbia, ndiyo inayokulinda.

Jambo la pili ni hali za mzigo. Kwenye mifumo mingi ya huku mzigo wa mkulima una vijisanduku: umepokelewa ndiyo/hapana, umepimwa ndiyo/hapana, umekataliwa ndiyo/hapana, umelipwa ndiyo/hapana. Vinne hivyo vinakupa michanganyiko 16, na mingi ni upuuzi mtupu: mzigo umekataliwa NA umelipwa. Haskell au OCaml, lugha nyingine ya fanksheni, unaandika aina moja yenye hali nne tu, na hali ya "Umelipwa" ndiyo pekee yenye nafasi ya namba ya risiti. Upuuzi hauandikiki. Ukiongeza hali ya tano, kompaila inakuonyesha kila sehemu uliyoisahau. Haskell inabidi uiwashe kwa chaguo la -Wall, OCaml inakuonya yenyewe.

Ila tusiwadanganye wageni. GHC, kompaila ya Haskell, ikishakaa kwenye diski inakula zaidi ya gigabaiti moja, bado hujaweka maktaba hata moja. Msaidizi wa kihariri, yule HLS, kwenye laptopu ya RAM ya GB 4 anakugandishia mashine mpaka kipanya kinagoma. Mimi mradi ukiwa mkubwa namzima, natumia ghcid kwenye terminali, inanionyesha makosa tu na inatosha. Kuweka kila kitu tumieni GHCup, kisakinishi cha Haskell, msihangaike na vifurushi vya Ubuntu vilivyopitwa.

Mtego mwingine wa wageni: Haskell ni mvivu, hesabu haifanyi mpaka jibu litakiwe. Ukijumlisha orodha ndefu kwa foldl, fanksheni ya kukunja orodha iwe jibu moja, inaweza kurundika ahadi za hesabu kwenye kumbukumbu badala ya namba. Tumia foldl' yenye alama ya mkato juu. Tangu GHC 9.10 ya 2024 inapatikana bila kuiagiza. Na maandishi tumia Text, achana na String, ile ni orodha ya herufi mojamoja na inakula kumbukumbu bure.

FundiWaKabwe

Nimesoma kwa utulivu, nimemaliza, nina swali moja tu. Ukihamia Dar, nani ataufungua mfumo wa Haskell kule Busokelo?

Mimi nafanya kazi za wateja hapa Mbeya. Mteja hajawahi kuniuliza kuhusu aina. Anauliza mambo matatu: bei, lini unamaliza, na ukipata safari nani atashika. PHP na Laravel, fremu yake ya wavuti, nikigeuka Kabwe pale napata vijana wanaoweza kushika. Vijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia hapa Mbeya, wakija mafunzo kwa vitendo wanakuja na PHP, Java, Python kidogo. Haskell umeisoma wewe, mkuu wa Kihesa, na labda mwenzako mmoja.

Msinielewe vibaya, sijasema ni mbaya. Nasema hamjaweka gharama ya mtu kwenye hesabu.

MzaniWaKyela

FundiWaKabwe hapo umepigilia msumari, na ndiyo sababu nilisema lugha ni swali la baadaye. Ila PHP yako siyo ile ya zamani, sijui kama unaitumia yote. PHP 8.0 ya 2020 ilileta match, ya kuchagua jibu kwa kila hali. PHP 8.1 ya mwaka uliofuata ikaleta enum, orodha ya hali zinazoruhusiwa tu, na sifa za readonly, yaani unaweka thamani mara moja, atakayejaribu kuibadilisha anapata kosa. Na PHP 8.5 ya Novemba 2025 imeleta |>, alama ya kupitisha jibu la fanksheni moja kwenda inayofuata, ileile waliyokuwa wanajivunia watu wa F# na Elixir. Collection za Laravel nazo zina map, filter, reduce na nyingine kibao.

Kwa hiyo hali nne za mzigo alizosema MtuWaKihesa ziweke kwenye enum, tumia match bila default (jibu la akiba), na ikitokea hali uliyoisahau programu inarusha kosa badala ya kupita kimyakimya. Inagundua wakati wa kukimbia, siyo mapema kama OCaml, lakini kijana wa Kabwe ataisoma na kuielewa.

Watu wa TypeScript, JavaScript yenye aina, ninyi mna aina za muungano (kitu kiwe hiki au kile), mnaweza kupata ulinzi karibu sawa na ule wa OCaml bila kuhama.

Mhasibu_Makambako

Habari zenu. Mimi siyo developa, ni mhasibu, nimeingia kwenye uzi kwa sababu ya neno AMCOS.

Mnachokieleza mbona ndicho tunachofanya kwenye Excel? Kisanduku C5 kikiwa na fomula ya kilo mara bei, hakiwezi kubadilisha kilo. Kinasoma, kinatoa jibu. Ukibadilisha kilo, majibu yote yanayoitegemea yanajihesabu upya. Excel ya sasa ina LET ya kulipa jina jibu la katikati, na LAMBDA, iliyotangazwa mwishoni mwa 2020, ya kutengeneza fomula yako mwenyewe na kuipa jina. Nina MALIPO(gramu, bei, makato) yangu, naiita popote kwenye kitabu. Tatizo ofisi nyingi bado zina Excel ya 2016, hiyo haina.

Sasa mniruhusu niwaulize ninyi mafundi kitu kinachonipa kichwa kila msimu. Tuseme bei ni 7,315 kwa kilo na mkulima kaleta kilo 37.5. Thamani ni 274,312.5. Hiyo nusu shilingi hailipiki. Nikikadiria kwa kila mkulima halafu nikajumlisha, sipati sawa na nikijumlisha kilo zote nikazidisha mara moja. Tofauti ni ndogo lakini mkaguzi anaiuliza, na bodi inadhani kuna mtu anakula. Programu ya awali tuliyoletewa ilikuwa inatoa jumla tofauti kwenye ripoti mbili za siku hiyohiyo. Fanksheni zenu zinasaidia nini hapo?

MzaniWaKyela

Shikamoo mama, au dada, samahani sijui umri. Swali lako ndilo zito kuliko yote yaliyoulizwa hapa.

Kwanza namba zenyewe. Kompyuta ikitumia namba za desimali za kawaida, 0.1 + 0.2 inakupa 0.30000000000000004. Mbaya zaidi, ukijumlisha namba hizo kwa mpangilio tofauti unaweza kupata jumla tofauti. Ndiyo maana ripoti mbili, moja imepangwa kwa jina na nyingine kwa tarehe, zinaweza kugombana mwishoni huko kwenye senti, na ukikadiria juu yake zinagombana kwenye shilingi. Dawa: hifadhi uzito kama gramu nzima, 37,500, na pesa kama shilingi nzima. Zidisha kwanza, gawa kwa 1,000 mwisho kabisa. Namba nzima hata uzijumlishe kuanzia Tukuyu au kuanzia Tunduma, jibu ni lilelile.

Hiyo tabia ndiyo inayoruhusu vituo vitano vijumlishe kila kimoja kivyake, usiku makao makuu yakajumlisha jumla zao bila kujali nani alituma kwanza. Wenye hesabu zao wanayo nadharia ndefu juu yake, sisi tuishie hapo.

Pili, kukadiria. Hapo hakuna lugha itakayokuokoa, ni uamuzi wa chama. Mimi ningeshauri mkadirie kwa mkulima, sehemu moja tu ya programu, ndani ya fanksheni moja, na tofauti iandikwe kwenye mstari wake: "tofauti ya makadirio". Ripoti zote zisome kutoka hapo, zisikadirie tena zenyewe. Bodi ikiuliza, unaonyesha mstari.

Mhasibu_Makambako

Marahaba, dada inatosha 😀. Mstari wa tofauti nimeuelewa, na mkaguzi ataupenda. Nitawaambia waliotuletea ile programu.

Kawetire_Juu

Nimechelewa, mtandao wa huku milimani mnaujua.

Mimi ni wa Elixir, na nimechagua kwa sababu ya mtandao huohuo. Kwa wasioijua: José Valim, Mbrazili, aliijenga juu ya mashine ya Erlang, toleo la 1.0 likatoka 2014. Erlang yenyewe ilizaliwa Ericsson mwaka 1986 kwa ajili ya mitambo ya simu, ikaachiwa huria 1998. WhatsApp waliijenga seva yao juu ya Erlang, na mwanzoni mwa 2012 wakatangaza kuwa wamefikisha miunganisho zaidi ya milioni 2 kwenye seva moja. Facebook ilipowanunua 2014 walikuwa na watumiaji wapatao milioni 450 na wahandisi 32 tu.

Sisi hatuna hao milioni 450. Kilichonivuta ni kitu kingine. Kila muunganisho unapata mchakato wake mdogo, unaoanza na kilobaiti chache tu za kumbukumbu, na michakato haishiriki data. Simu ya karani wa Isongole ikikatika katikati ya kutuma, mchakato wake unakufa peke yake, simu ikiunganika tena unaanzishwa mwingine mpya, wa Kiwira hajui hata kama kuna jambo limetokea. Mtindo wao ni huo, kitu kikiharibika acha kife, kianze upya kisafi, usikipige viraka.

Na msimbo unasomeka:

    mapokezi
    |> Enum.reject(& &1.imekataliwa)
    |> Enum.map(& &1.gramu)
    |> Enum.sum()

Chukua mapokezi, ondoa yaliyokataliwa, chukua gramu, jumlisha. Nilimwonyesha katibu wa chama asiyejua programu, akaufuata mwenyewe kwa kidole.

Maktaba ninazozishika: Phoenix kwa wavuti, Ecto kwa hifadhidata, Oban kwa kazi za nyuma kama kutuma SMS, maana kazi zake zinakaa ndani ya hifadhidata ya Postgres, umeme ukikatika ukarudi foleni iko palepale. LiveView, ya Phoenix ya kurasa zinazojisasisha zenyewe, ni tamu sana ukiwa mjini, ila kwa karani wa kijijini siipendekezi hata kidogo. Inahitaji muunganisho ulio wazi muda wote. Huko mpe programu inayoandika kwenye simu kwanza, ikipata mtandao ndipo inatuma.

Kasoro yake ni aina. Elixir imeanza kuzileta taratibu kuanzia 1.17 ya 2024, bado haijafika alipo mtu wa Haskell. Anayetaka mashine ya Erlang na aina kali aangalie Gleam, 1.0 yake imetoka Machi 2024. Ukisahau hali moja ya mzigo, Gleam inakataa kabisa kukusanya programu (kukompaili). Maktaba zake bado chache lakini inaweza kuita za Erlang.

Mwanjelwa2

Nimeamka. Monadi ni nini? Jibu fupi tafadhali, kila anayenielezea ananitoa jasho.

MtuWaKihesa

Hatua zinazofuatana, ambapo kila hatua inaweza kuja na ziada yake: kukosa jibu, kuleta kosa, kugusa dunia. Monadi ni kanuni ya kuziunganisha ili usiandike "kama imekosekana, toka" kila mstari. Tafuta mkulima, tafuta akaunti yake, tafuta salio lake. Yoyote ikikosekana mnyororo unakatika wenyewe. Umeshatumia then() ya Promise kwenye JavaScript? Ni jirani yake wa karibu sana. Endelea na kazi, utaielewa ukishaitumia, siyo kabla.

Mwanjelwa2

Hilo la then() nimelishika. Narudi kulala.

FundiWaKabwe

Nakubali kushindwa nusu. Nimekaa leo nikaitoa hesabu ya makato kwenye kontrola (sehemu inayopokea maombi ya wavuti) nikaiweka kwenye fanksheni yake, haigusi hifadhidata, inapokea gramu, bei na makato, inarudisha malipo. Kuijaribu imekuwa rahisi kweli, sihitaji tena kujaza hifadhidata ya uongo. Ila kesi za kuijaribu nazitunga kwa kichwa changu, na kichwa changu kina mipaka. Mnafanyaje?

MzaniWaKyela

Hapo ndipo watu wa Haskell wametuachia zawadi kubwa. Koen Claessen na John Hughes, pale Chalmers nchini Sweden, waliichapisha QuickCheck mwaka 2000. Wewe hutungi kesi, unaandika sheria. Kwa mfano: malipo + makato = thamani, daima. Malipo hayawi chini ya sifuri, daima. Kupanga wakulima upya hakubadilishi jumla. Zana inabuni mamia ya mizigo ya kubahatisha na kuipitisha. Ikikuta inayovunja sheria, haikuletei mfano wa ovyo wenye tarakimu tisa, inaupunguza mpaka mdogo kabisa unaovunja bado.

Kwenye hesabu ya makato, sheria ya pili ndiyo inayovunjika mapema. Utaona inakurudishia: gramu 0, makato 1, malipo hasi 1. Yaani mkulima ambaye mzigo wake wote umekataliwa lakini ushuru wa kudumu umekatwa. Kesi hiyo ipo kweli kila msimu na hakuna anayeikumbuka akiwa anaandika majaribio kwa mkono.

Python wanayo Hypothesis, JavaScript wanayo fast-check, Elixir wanayo StreamData. PHP ipo Eris, ianze hiyo uone kama inakufaa.

Sheria ile ya kupanga upya, kwa taarifa yenu, ndiyo niliyoiweka kwenye mfumo wa Kyela. Ilimkamata sort() mwingine kwenye ripoti ya ghala ambaye sikuwa namjua.

Kawetire_Juu

FundiWaKabwe kabla hujaikana PHP yote, chukua Livebook ucheze nayo, ni daftari la Elixir linalofunguka kwenye kivinjari. Na kwa wote wa bando la kubana: mix deps.get, amri ya kupakua maktaba, iendesheni mkiwa mjini. Maktaba zikishakuwa ndani ya folda ya deps, kukusanya na kukimbiza programu hakuhitaji intaneti tena. Ukiwa na mradi wa pili unaotumia matoleo yaleyale, Hex, kidhibiti cha maktaba za Elixir, inayachukua kwenye akiba yake iliyo kwenye mashine yako. Mimi napakua nikishuka Soweto Jumamosi, wiki nzima nafanyia kazi huku juu.

MtuWaKihesa

Cabal, zana ya Haskell ya kazi hiyo, nayo ni hivyohivyo, cabal build --only-dependencies ukiwa kwenye mtandao mzuri, kisha --offline. Ila acha mashine kwenye chaji usiku mzima mara ya kwanza.

FundiWaKabwe

Eris nimeiweka. Sheria ya pili imevunjika, gramu 0 kama ulivyosema. Sasa nampigia katibu nimuulize mkulima wa namna hiyo anadaiwa ushuru au anasamehewa, maana kwenye katiba ya chama sijaona.